Kanisa la Köln lilianza 1248, likaisha 1880. Walikuwa wanafanya nini miaka yote hiyo?

#1 Shemeji wa Mbezi
Wakuu salaam.

Wiki iliyopita nilipita Köln, Ujerumani. Ukitoka tu stesheni ya treni unakutana na kanisa kuu lao, minara miwili ya mita 157, unatazama juu mpaka shingo inauma. Mwenyeji wangu akaniambia jiwe la msingi liliwekwa 15 Agosti 1248 na jengo likakamilika 1880. Nikapiga hesabu: miaka 632.

Sasa mimi nina nyumba Mbezi iko kwenye lenta tangu mtoto wangu wa kwanza yuko chekechea, na kila nikienda ukweni nasemwa. Hawa wamekaa karne sita na dunia nzima inawapangia foleni.

Naomba kujuzwa: haya makanisa ya Ulaya yalichukua muda mrefu hivi kwa nini? Hela hakuna, utaalamu hakuna, au kuna watu walikuwa wanakula mradi?

#2 Karanga za Mezani
Nawahi siti. Wajuzi wanakuja.

#3 Fundi Chokaa
Mleta mada, mimi nimeshika mwiko muda mrefu, nikwambie ambacho wasomi hawatakwambia. Ni chokaa.

Enzi hizo hakuna saruji ya mfuko. Chokaa inashika taratibu, na ukuta mnene ndani unabaki mbichi kwa muda mrefu sana. Ukipandisha kwa pupa, mzigo wa juu unakuta chini hakujakomaa, ukuta unatoa tumbo. Halafu kuna baridi. Chokaa ikipigwa na barafu kabla haijashika inapukutika. Kwa hiyo majira ya baridi yakikaribia mafundi walikuwa wanafunika vichwa vya kuta kwa majani makavu na samadi, wanaingia bandani kuchonga mawe, wanasubiri joto lirudi. Mwaka mzima una miezi kumi na miwili, ukuta unapanda kama nusu yake tu.

Ongeza mawe. Köln walikuwa wanayatoa kilima cha Drachenfels na kuyashusha kwa mto Rhein. Walikuwa na bahati ya kuwa na mto. Pasipo na mto, kulisafirisha jiwe kungeweza kula hela kuliko jiwe lenyewe. Msitafute siri nyingine.

#4 Dada wa Salisbury
Fundi, heshima yako, ila chokaa peke yake haitoshi. Salisbury hapa Uingereza walianza 1220, 1258 likawekwa wakfu. Miaka 38, kwa chokaa hiyohiyo na baridi hiyohiyo, na mvua ndiyo usiseme. Chartres kule Ufaransa liliungua 1194, kufikia miaka ya 1220 sehemu kubwa ilikuwa imesimama upya. Sainte-Chapelle ya Paris iliwekwa wakfu 1248, mwaka uleule Köln ndio kwanza wanalaza jiwe la msingi, na haikufika miaka kumi.

Kwa hiyo swali la mleta mada ligeuzwe: kwa nini mengine yalikwama na mengine hayakukwama?

#5 Fundi Chokaa
Dada #4, hiyo 1258 ule mnara wa Salisbury ulikuwepo?

#6 Dada wa Salisbury
Haukuwepo. Mnara wenyewe wa mita 123 ni wa karne iliyofuata. Waliouweka waliongeza kama tani 6,500 juu ya nguzo ambazo hazikupangiwa mzigo huo. Ukisimama katikati ukazifuata kwa macho kwenda juu, unaona zimepinda. Msingi nao ni kina cha mita 1.2 hivi, juu ya changarawe.

#7 Fundi Chokaa
Mita 1.2? Na mnara wa mita 123 juu yake? Mimi kwa msingi huo hata choo sikujengei.

#8 Dada wa Salisbury
Umesimama karibu miaka 700, fundi. Ila jirani zetu wa Winchester hawakuwa na bahati. Kanisa lao likaanza kuzama kwenye ardhi ya maji, wakamshusha mpiga mbizi, William Walker, kuanzia 1906 mpaka 1911. Alifanya kazi chini ya kuta, ndani ya maji machafu, gizani, kwa kupapasa, akipanga mifuko ya zege zaidi ya 25,000. Google jina lake uone sanamu yake.

#9 Karanga za Mezani
Peke yake? Gizani? Chini ya kanisa? Hapana, mimi nitaendelea na karanga.

#10 Mwalimu Mstaafu
Vijana, turudi Köln. Hiyo 632 inapotosha. Hakuna aliyejenga miaka 632.

Upande wa altare uliwekwa wakfu 1322. Baada ya hapo wakaendelea na mnara wa kusini, ukafika kimo cha mita 50 na kitu, kazi ikawa inasinzia, na katika karne ya 16 ikasimama kabisa. Juu ya kile kisiki cha mnara wakaiacha kreni ya mbao. Kreni hiyo ilikaa angani kama miaka 400! Tazameni michoro ya zamani ya mji wa Köln: alama ya mji ni kreni. Mtu anazaliwa, anaoa, anazikwa, kreni iko palepale haijainua jiwe.

Kazi ilianza upya 4 Septemba 1842, ikaisha 1880. Miaka 38. Kwa hiyo toeni karibu karne tatu za usingizi kwanza, ndipo mjadili.

#11 Shemeji wa Mbezi
Mwalimu asante. Kumbe 38 ya mwisho ni sawasawa na 38 ya Salisbury. Kwa hiyo wakitaka wanaweza. Nitaueleza upande wa ukweni kwamba nyumba haijakwama, imesinzia.

#12 Bwana Hesabu
Mnazunguka. Ni HELA.

Hakukuwa na bajeti ya mradi mzima. Palikuwa na michango, zaka, wosia wa marehemu, na sadaka za mahujaji. Hela ikiingia unaajiri, ikikata unafukuza mafundi. Köln kwa mfano walikuwa na masalia yanayoaminiwa kuwa ya Mamajusi watatu, yaliyochukuliwa kutoka Milano 1164. Mahujaji wakawa wanamiminika, kanisa la zamani likaonekana dogo, ndipo wakataka jengo la kutisha.

Na ubunifu wa kuchangisha haukuanza leo. Rouen kuna mnara unaitwa Mnara wa Siagi, wa mwishoni mwa karne ya 15. Kwaresima siagi ilikuwa marufuku, asiyeweza kuvumilia analipa, anapewa ruhusa ya kula. Husimuliwa kwamba hela hiyo ndiyo iliyoujenga. Roma nao walipoanza Basilika la Mtakatifu Petro 1506 wakauza vyeti vya rehema, yaani vya kupunguziwa adhabu ya dhambi, 1517 Luther akasema hapana, na mengine mnayajua. Harambee ya jengo moja ikaligawa Kanisa lote la Magharibi. Baada ya hapo mahujaji wakapungua, hela ikakata, Köln ikalala. Kesi imefungwa.

#13 Mlutheri wa Moshi
Luther amekukosea nini? Haya, jibu hili. Ulm, huko huko Ujerumani, walianza 1377. Mji ukageuka wa Kilutheri miaka ya 1530 mwanzoni na bado waliendelea kujenga mpaka 1543. Wakaja kumalizia 1890. Mita 161.5, ngazi 768 kwa miguu yako mwenyewe. Kathedrali yenye mnara mrefu kuliko zote duniani kwa zaidi ya karne moja, na ni yetu.

#14 Dada wa Salisbury
Ulm si kathedrali, haijawahi kuwa na askofu. Ni kanisa la mji, wenye mji ndio walioingia mifukoni kulijenga. Na mwishoni mwa Oktoba 2025 Sagrada Família ya Barcelona imelipita kwa urefu.

#15 Mlutheri wa Moshi
Sagrada Família halijaisha. Anayeongoza mbio hatangazwi hajafika.

#16 Msee wa Mawe
Mimi kutoka Nairobi naona mnaacha siasa nje na ndiyo mambo yenyewe.

1288 kulikuwa na vita pale Worringen. Askofu mkuu wa Köln alikuwa pia mtawala mwenye jeshi. Raia wa Köln walijiunga na maadui zake, akapigwa, akashikwa mateka. Tangu hapo maaskofu wakuu hawakuutawala mji, wakawa wanaishi Bonn na Brühl. Sasa niambieni, ni mfanyabiashara gani wa Köln atatoa pesa zake kujengea jumba mtu wamemfukuza?

Na hata kumaliza kulikuwa siasa. Wafaransa walipoingia 1794 kanisa likageuzwa ghala la malisho ya farasi. Halafu baada ya Napoleon, Köln ikaenda kwa Prussia, wafalme Waprotestanti. Mchoro wa zamani wa upande wa mbele, ngozi ya urefu wa zaidi ya mita nne, nusu ikapatikana Darmstadt 1814 na nusu nyingine Paris 1816. Wajerumani wakachanganyikiwa kwa furaha: hii ndiyo alama ya taifa letu, tuijenge. Mfalme Mprotestanti akaweka jiwe la kuanza upya la kanisa la Kikatoliki. Siku ya kukamilisha 1880 Kaiser, mfalme mkuu wa Ujerumani, yuko pale, na askofu mkuu mwenye kanisa yuko uhamishoni Uholanzi kwa sababu serikali hiyohiyo ilikuwa imegombana na Wakatoliki. Hiyo ni sherehe ya nani sasa?

#17 Karanga za Mezani
Yaani nyumba imeisha, mwenye nyumba kafukuzwa, mgeni ndiye anakata utepe.

#18 Mwalimu Mstaafu
Msee, simulizi tamu, lakini hesabu ya miaka haikupi. Vita ni 1288. Upande wa altare uliwekwa wakfu 1322, miaka 34 baadaye. Na mnara wa kusini ulianzwa baada ya hapo. Waliomfukuza askofu ndio walioendelea kujenga. Aliyekuwa na jengo mkononi ni jopo la mapadre wa kanisa kuu, nao hawakufukuzwa.

#19 Msee wa Mawe
Mwalimu, waliendelea, lakini kwa mwendo gani? Hiyo ndiyo sinzia yako ya #10.

#20 Mzenji
Assalaam alaykum jamaa zangu. Mie nashangaa mmefika post ya ishirini hakuna alotaja Aya Sofia. Istanbul upande ule ni Ulaya. Mfalme Justinian kaanza 532, kamaliza 537. Kuba lile lote, miaka isiyozidi sita. Tangu hapo limekuwa kanisa, 1453 msikiti, miaka ya 1930 makumbusho, 2020 msikiti tena.

Na Córdoba, Hispania. Abd al-Rahman wa Kwanza alianza msikiti 785 au hapo hapo, na awamu ya kwanza ilikwisha ndani ya miaka michache. Siri yake nzuri: nguzo walizichukua kwenye majengo ya Kirumi na ya Wavisigothi yalokwisha kuharibika. Fundi hachongi nguzo, anaokota. Nguzo zilikuwa fupi ndio wakaweka matao mawili mawili, moja juu ya jengine, kupata kimo. Leo watalii wanaona ni pambo. Baada ya 1236 pakawa kanisa, na karne ya 16 wakapandisha kathedrali nzima katikati ya msikiti.

Kwa hivyo tatizo la Köln ni kukosa mwenye amri mmoja. Mfalme akisema lijengwe, linajengwa.

#21 Fundi Chokaa
Mzenji, kuba la Aya Sofia lilifanya nini 558?

#22 Mzenji
Lilianguka. Tetemeko.

#23 Fundi Chokaa
Tetemeko la mwaka uliotangulia lililikuta limeshachoka. Walijenga haraka, viungo vya chokaa vinene kuliko tofali, kuta zikaanza kuinama hata kabla hawajafunika. Waliorudia wakapandisha kuba zaidi ili lisisukume kuta nje, likamalizika 562. Narudi kwenye hoja yangu ya #3. Chokaa haina mfalme.

#24 Bwana Hesabu
Mzenji, unasema amri. Amri bila hazina? Justinian alikuwa na kodi ya himaya nzima. Hapo umenisaidia mimi.

#25 Mzenji
Kila mtu namsaidia leo. Haya, kisa cha kwetu basi. Kanisa la Waanglikana Mkunazini, palipokuwa soko la watumwa, Askofu Steere kaweka msingi 1873 na halikufika miaka kumi kukamilika. Wazee wanahadithia kuwa alisafiri, mafundi nyuma wakasimamisha nguzo chini juu. Karudi, kazikuta, kaziacha. Nendeni mkaangalie, ziko pale. Huyo angekuwa Mjerumani angebomoa aanze upya, ndio hiyo miaka 632.

#26 Kijana wa Ruhr
Mimi naishi mwendo wa treni kidogo kutoka Köln na nimejiandikisha Mkatoliki, kwa hiyo nachangia. Hapa serikali inakata kodi ya kanisa kwenye mshahara, asilimia 9 ya kodi ya mapato (Bavaria na Baden-Württemberg ni 8). Siku ya kujiandikisha makazi waliniuliza dini, nikajibu kwa furaha kama niko nyumbani. Mshahara wa kwanza ndio nikaelewa swali. Kujitoa unakwenda mahakamani, unasaini, unalipia na ada. Sijajitoa, mama akisikia itakuwa msiba.

Ila nataka kujibu lile la kula mradi. Kanisa kuu lina karakana yake ya kudumu: wachonga mawe, mafundi wa vioo, wa paa. Mawe yanaliwa na hewa chafu, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia jengo lilipigwa mabomu makubwa 14, kwa hiyo wakimaliza upande huu wanahamia ule. Sijawahi kuliona bila majukwaa ya mafundi. Watu wa Köln wana msemo kwamba siku kanisa likiisha na dunia itaisha. Sasa ukiwa umeajiriwa pale, unataka liishe?

#27 Shemeji wa Mbezi
Ndicho nilichouliza #1 mkanicheka!

#28 Zungu la Unga
Milano ni hivyohivyo. Kampuni ya ujenzi wa Duomo, kanisa kuu lao, iliundwa 1387, mwaka mmoja baada ya kuanza, na ipo mpaka leo ofisini. Walipewa machimbo yao ya marumaru Candoglia, na ruhusa ya kuyapitisha kwenye maziwa na mifereji bila kulipa ushuru. Napoleon alitaka taji la Italia 1805, akasukuma upande wa mbele umaliziwe. Mlango wa mwisho ulifunguliwa 1965. Mtu wa Milano akitaka kusema jambo halina mwisho anasema ni refu kuliko ujenzi wa Duomo.

Kwa hiyo mimi niko upande wa Ruhr. Sio wizi, ni taasisi iliyojizoea.

#29 Dada wa Salisbury
Hiyo taasisi haielezi walioshindwa kabisa. Siena walianza 1339 kupanua kanisa liwe kubwa kupita yote, Tauni Kuu ikaingia 1348, watu wakaisha, na kuta zenyewe zikaonekana zina kasoro. Ukuta wa mbele mpaka leo umesimama peke yake, wageni wanaupanda kupiga picha.

Na Beauvais, Ufaransa. Walitaka dari la mawe la mita 48, hakuna kanisa la Kigothi lililofika hapo. 1284 likaporomoka sehemu. Wakatengeneza, vita vya Waingereza vikaingia kati. Baadaye, badala ya kujenga ukumbi wa waumini, wakaweka mnara wa mita 153, ukaisha 1569. Sikukuu ya Kupaa 1573 ukaanguka. Ukumbi haujajengwa mpaka leo. Mahali ulipotakiwa kuwa, kanisa dogo la kale walilotaka kulibomoa bado lipo!

#30 Fundi Chokaa
Beauvais ni ufundi mtupu. Wamepanda juu kuliko ujuzi wao.

#31 Bwana Hesabu
Beauvais ni hela. Wangekuwa nayo wangejenga ukumbi kwanza, ungeegemeza mnara.

#32 Msee wa Mawe
Beauvais ni sifa. Askofu alitaka kumpita jirani.

#33 Karanga za Mezani
Beauvais imekuwa ya kila mtu. Karanga zimebaki kidogo, endeleeni.

#34 Mama Ntilie wa Paris
Samahani nimechelewa. Notre-Dame ya hapa iliungua 15 Aprili 2019, ikafunguliwa Desemba 2024. Michango ilipita euro milioni 800, na mingi iliahidiwa siku za mwanzo kabisa moto haujapoa. Paa wakarudisha la mialoni kama 2,000, mingine ikichongwa kwa shoka la mkono kama zamani. Miaka mitano. Nadhani Bwana Hesabu kashinda.

#35 Fundi Chokaa
Mama, kuta zilikuwepo. Walipaua, hawakujenga. Hapo hata Mbezi tunamaliza.

#36 Mama Ntilie wa Paris
Ukapaue wewe mita zaidi ya 30 juu, na mnara wa mita 96.

#37 Kijana wa Ruhr
Na katikati kulikuwa na dharura: madini ya risasi yaliyoyeyuka, majukwaa ya zamani yaliyoungana kwa moto, halafu korona. Huwezi kulinganisha moja kwa moja.

Ila kuna jambo la umiliki hapo. Ufaransa, kwa sheria ya 1905, makanisa makuu ya wakati ule ni mali ya serikali, Kanisa linatumia tu. Rais akasema miaka mitano, ikawa. Hoja ya Mzenji ya mwenye amri mmoja bado inapumua.

#38 Mlutheri wa Moshi
Nani ataniambia kuhusu kibali? Nimesoma kwamba Sagrada Família lilianza 1882 na likapata kibali cha ujenzi cha manispaa 2019.

#39 Dada wa Salisbury
Ni kweli, miaka 137 baadaye. Mbunifu Gaudí alichukua kazi 1883, akagongwa na tramu 1926. 1936 karakana ikachomwa, michoro mingi ikaungua. Husimuliwa kwamba akiulizwa kuhusu muda alikuwa akijibu mteja wake hana haraka.

#40 Shemeji wa Mbezi
Hilo jibu nalichukua.

#41 Mwalimu Mstaafu
Usilipeleke ukweni, mteja wako wewe ana haraka.

Swali langu la kufungia siku. Strasbourg: kanisa lina mnara mmoja, mita 142, lilikuwa jengo refu kuliko yote duniani kuanzia 1647 mpaka 1874. Wa pili haukujengwa. Kwa nini?

#42 Fundi Chokaa
Ardhi laini ya mto, haibebi miwili.

#43 Bwana Hesabu
Hela.

#44 Msee wa Mawe
Kabla ya wa pili, huo mmoja nusura uondoke. Wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa wakali wa usawa walisema mnara unainuka juu ya majengo mengine, huo ni ubaguzi, ubomolewe. Wenye mji wakautengenezea kofia kubwa ya bati ya kimapinduzi, wakaivisha kileleni, ukaokoka.

#45 Karanga za Mezani
Sasa kama mmoja uliwapa shida hiyo, miwili wangeivalisha na soksi.